Bibi hasikii tena harufu ya achari yake, na kampuni yangu inaitaka

Shikamoo Bi Mshauri,

Nakuandikia nikiwa Lamu, nyumbani kwetu Langoni, likizoni. Nina miaka 32, sijaolewa, na kwa kazi ni mkemia wa ladha. Nilisomea sayansi ya chakula chuoni Juja, na sasa nimeajiriwa Nairobi na kampuni inayotengeneza ladha za viwandani. Ukifungua pakiti ya krispi ikanukia kuku wa kuchoma, na humo ndani kuku hajapita, ujue kuna mtu wa kazi yangu aliyekaa maabara akaipanga harufu ile molekuli kwa molekuli.

Naipenda kazi hii, na lazima nikueleze kidogo ili uelewe mbona nateseka. Ulimi wenyewe unajua mambo machache: utamu, uchungu, uchachu, chumvi, na ule utamu mzito wa supu iliyochemka vizuri. Karibu mengine yote tunayoyaita ladha ni kazi ya pua. Unapotafuna, hewa hupanda nyuma ya koo ikabeba harufu ya chakula hadi puani, ndiyo maana mtu mwenye mafua makali haoni raha ya biriani.

Maabara tuna mashine ya kromatografia ya gesi. Unaiingizia harufu ya chakula, nayo huipitisha kwenye mrija mwembamba wa mita 30 uliozungushwa ndani ya tanuri, kila molekuli ikatoka kwa zamu yake. Mwisho wa mrija njia hugawanyika: moja huenda kwenye chombo cha kupima, nyingine huja puani mwangu. Nakaa pale nikinusa na kuandika: nyasi mbichi, siagi, waridi, soksi. Mara nyingi chombo huchora mlima mkubwa na pua isisikie kitu. Kisha panapita kitu kidogo mno, chombo karibu hakikioni, na pua inashtuka. Saa nzima hupita sijui kama nimekaa.

Mambo ya jikoni kwetu nimeyaelewa kwa njia hiyo. Harufu kali ya samaki ni trimethilamini, na asidi ya ndimu huigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani. Siku niliyosoma hayo nilimpigia mama simu. Tangawizi ikikauka, jinjeroli zake, yaani molekuli za ukali wake, hugeuka shogaoli, ambazo ni kali zaidi, na bibi tangu zamani hatii tangawizi mbichi kwenye achari, hutia kavu tu.

Sasa nifike kwenye achari. Bibi yangu mzaa mama ameuza achari ya embe tangu kabla mama hajazaliwa. Embe bichi huja kutoka mashamba ya upande wa Mpeketoni, zinakatwa, zinatiwa chumvi, zinaanikwa darini, kisha zinakutana na pilipili, thomu, bizari, siki na ile tangawizi. Kuna hatua moja baada ya hapo ambayo sitaiandika. Watu hutoka Shela kuja kununua, na wengine hutuma chupa hadi Mombasa na Dubai. Sisi wajukuu tumesomeshwa kwa achari hiyo.

Tangu mwaka jana achari imeanza kuzidi chumvi. Hakuna mteja aliyesema, kwa heshima ya bibi. Nilipofika likizo hii aliniita darini, akafunga mlango wa ngazi, akanisogezea mtungi: "Nusa, mwanangu, uniambie kama imekuwa." Nilidhani ananijaribu, kwa vile anajua kazi yangu. Akarudia jioni, na kesho yake. Nikaelewa kwamba yeye hasikii tena. Amekuwa akipika kwa mazoea ya mkono, na chumvi anaongeza akitafuta kile ambacho kimepotea. Akaniambia nisimwambie mama.

Kabla ya likizo, bosi wangu alionja achari hiyo mezani kwangu wakati wa chakula cha mchana. Akanyamaza kidogo, akaniomba nilete chupa mbili za kupimwa na maelezo ya jinsi inavyopikwa. Kampuni inataka ladha ya pwani kwa ajili ya krispi na unga wa kukolezea. Mimi nitaongoza kazi hiyo, na baada yake nitapelekwa Uswisi, kwenye kampuni mama, kufundishwa rasmi ubunifu wa ladha. Nafasi hiyo nimeiota tangu chuoni. Jibu linatakiwa nikirudi kazini.

Mama amekataa kabisa. Asema, "Unataka kumtia bibi yako kwenye pakiti." Kakangu naye asema niwape, kwa kuwa yeyote mwenye shilingi anaweza kununua chupa mlangoni petu akaipime, basi bora faida itupate sisi. Ana watoto watatu shuleni. Bibi mwenyewe hajaulizwa. Wote wawili wanasema ni mzee, asisumbuliwe.

Nami nafikiri hivi: nisipoipima, bibi akiondoka ladha hiyo imezikwa naye, maana mama hajui ile hatua kikamilifu. Nikiipima kwenye mashine ya kampuni, itakuwa ya kampuni. Nikienda Uswisi, nani atamnusia? Na kuna jambo jingine naona haya kulisema. Idd hii nilikaa mezani na familia nikashindwa kula kwa raha. Kila tonge nilikuwa naligawa: hii iliki, hii siagi iliyoungua, hili tui limekaa sana. Naogopa kwamba elimu yangu imenipokonya chakula cha nyumbani, na sasa naambiwa niwapokonye wengine.

Nifanye nini?

Mnusaji, Lamu

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na kabla ya kuandika safu hii ya ushauri nilifundisha kemia sekondari, kwa hiyo hata sehemu ya mrija na tanuri niliifurahia. Asante kwa kuniamini na siri ya bibi. Nimeondoa kila kinachoweza kuwatambulisha, na Langoni ina nyumba nyingi zenye achari.

Wewe umeniletea swali moja, achari iende maabara au isiende. Mimi naona mambo manne yaliyofungwa kamba moja: pua ya bibi, achari, safari ya Uswisi, na wewe mwenyewe. Yamekujia msimu mmoja, basi umeyachukulia kuwa ni kitu kimoja, jibu la hili likiwa jibu la yote. Niruhusu niyafungue, nikianza na lile ambalo katika barua nzima hukuliuliza.

Bibi amepoteza harufu. Ni kweli pua hupungua nguvu umri ukienda, na wazee wengi huongeza chumvi bila kujua sababu. Lakini umri si sababu pekee, na tukiusingizia kila kitu tunaweza kukosa ugonjwa unaotibika. Harufu hupotea baada ya mafua makali au korona, kwa vinyama vinavyoota ndani ya pua, kwa dawa fulani, kwa kugonga kichwa. Mara nyingine huwa dalili ya mapema ya maradhi ya ubongo kama Parkinson. Sikutishi. Nasema aonwe na daktari, kwanza hapo Lamu, na ikihitajika Mombasa kwa daktari wa masikio, pua na koo. Aulizwe lini ilianza, ghafla au polepole, na anatumia dawa gani. Kama ana presha, ile chumvi anayoizidisha na kuionja siku nzima ni jambo la kumwambia daktari pia. Na jikoni, mtu asiyesikia harufu hajui gesi inavuja wala samaki ameharibika. Hilo haliwezi kungoja hadi mpatane kuhusu kampuni.

Kuna pia mazoezi ya pua, huenda unayajua. Mtafiti Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliyachapisha mwaka 2009: mgonjwa ananusa harufu nne, asubuhi na jioni, kwa wiki 12, akiwa ametulia na kuifikiria kila moja. Harufu walizochagua ni waridi, ndimu ya kizungu, mkaratusi na karafuu. Nilitabasamu niliposoma orodha hiyo, kwa sababu nyumba ya Lamu inazo karibu zote: marashi ya waridi kabatini, ndimu na karafuu jikoni, na harufu kuu ya mkaratusi, ile sineoli, imo ndani ya iliki. Hayamsaidii kila mtu, na huonekana kufaa zaidi kwa waliopoteza harufu baada ya ugonjwa wa virusi. Lakini hayana gharama, na ni jambo mnaloweza kulifanya pamoja darini bila kumweleza yeyote.

Kuhusu siri, amekuomba usimwambie mama. Ihesabu siri hiyo kuwa ni yake, usimtangulie. Ila unaweza kumwambia waziwazi kwamba huwezi kuificha hatari ya gesi, na kumwuliza angependa mama aambiwe vipi na nani. Bibi aliyeendesha biashara miaka yote hiyo akajulikana hadi Dubai haogopi uzee tu, nafikiri. Anaogopa kuambiwa apumzike. Akijua kwamba pua yako inaweza kuwa msaada wake bila achari kuondolewa mkononi mwake, huenda mlango wa ngazi usihitaji kufungwa tena.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye jambo lililonigusa kuliko yote katika barua yako. Mama ana msimamo, kakako ana msimamo, bosi ana msimamo, wewe una wasiwasi wako, na mwenye achari hajaulizwa. Mnasema asisumbuliwe. Mwanangu, huyu ni mtu aliyekuita mara tatu akuulize kama imekuwa. Bado anajali iwe sawa. Mnalodhani ni kumhurumia linaweza kumfikia kama kuzikwa kabla ya siku yake. Sijui atasema nini, nawe hujui. Anaweza kukataa kwa ukali kuliko mama. Anaweza kucheka na kusema wapeleke, nimechoka na embe. Anaweza kutaka bei, na bei yake ikawashangaza. Mweleze kwa lugha yake mashine inafanya nini, kampuni inataka kuuza nini, na nani atapata nini, kisha umwache afikiri. Siku hiyo usimlazimishe jibu.

Sasa tuitazame hofu yako kwamba bila maabara ladha itazikwa naye. Naomba uipime kama unavyopima kitu kazini. Karatasi inayotoka kwenye mashine yako ni orodha ya waalikwa wa harusi: inakuonyesha nani alifika, haikuonyeshi ngoma ilipigwaje. Kahawa iliyokaangwa imeshatolewa molekuli za harufu zaidi ya 800, na zinazobeba harufu yake hasa ni chache, lakini mtu mwenye orodha hiyo mkononi bado anatakiwa ajue moto na muda. Wewe unajua hili kuliko mimi. Na unajua pia kampuni haitahifadhi achari ya bibi yako. Itachukua sehemu inayotosha kumkumbusha mlaji achari, iwe unga, ivumilie joto la kiwandani na miezi rafuni, na bei iwe ya chini. Sisemi ni kazi mbaya, ina ustadi wake. Lakini ukisema unawapelekea ili isipotee, hebu jiulize itakayobaki ni ipi.

Kama kuhifadhi ndiyo nia, kazi iko darini, sasa hivi, na inahitaji mizani ya jikoni na daftari. Pima chumvi kabla mkono wake haujaimimina. Andika embe zilikuwa ngumu kiasi gani, zilianikwa jua la siku ngapi, alizigeuza lini, alizitazama nini akasema zimekauka. Pua imekwenda, lakini macho yake, vidole vyake na sikio la mafuta yakichemka bado viko, na humo mna achari nyingi kuliko tunavyodhani. Mkae na mama pia, akitaka. Vipimo vya maabara mkivihitaji, si lazima viwe vya mwajiri wako. Kuna Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, kuna chuo chenu cha Juja, na kuna watafiti mnaoweza kuandikiana nao kwanza nani atamiliki matokeo. Hata hapo kuna hatari: daftari huonwa na wengi, watafiti wanapenda kuchapisha.

Mama anadhani kitu kikijulikana kimeharibika. Namwelewa, lakini historia haikubaliani naye moja kwa moja. Mwaka 1908 Kikunae Ikeda, mkemia wa Tokyo, alichunguza supu ya mwani inayopikwa kila nyumba Japani, akatoa humo glutamati, ndiyo ule utamu mzito uliouandika. Mwaka uliofuata ilikuwa inauzwa chupani, na leo imeenea dunia nzima. Supu ya mwani bado inapikwa Japani. Kujulikana hakukuiua.

Kakako naye anadhani kwa vile chupa inauzwa mlangoni, basi hakuna cha kulinda. Ana haki kuhusu chupa. Lakini bosi wako hakuomba chupa peke yake, aliomba na maelezo. Anajua mashine haitampa hatua zile, ndiyo maana anakuhitaji wewe, mjukuu. Ukiwa na kitu ambacho mwenzako hawezi kukinunua dukani, una nafasi ya kuuliza masharti, na mtu anayekwambia uwape tu anakupotezea nafasi hiyo.

Hapa niruhusu nimtaje Edmond Albius. Alikuwa mtoto wa miaka 12, mtumwa, kisiwani Réunion, hapa hapa katika bahari yetu ya Hindi. Mvanila ulikuwa umeletwa kutoka Meksiko lakini hauzai, kwa kuwa wadudu wa kuuchavusha hawakuwapo. Mwaka 1841 Edmond alionyesha jinsi ya kulichavusha ua kwa kijiti na kidole gumba. Njia yake ikaenea kisiwani, ikafika Madagaska, na hadi leo vanila duniani huchavushwa kwa mkono namna ile. Alipata uhuru mwaka 1848 utumwa ulipokomeshwa, na mwaka 1880 akafa maskini. Wakati huo wakemia wa Kijerumani Tiemann na Haarmann walikuwa wameshatengeneza vanilini, ile harufu kuu ya vanila, maabara, mwaka 1874, na baadaye viwanda vikaitoa kwenye eujenoli ya karafuu. Utajiri ulipita mikononi mwa wengi. Sikusimulii ili uichukie fani yako. Mimi mwenyewe sina neno na vanilini. Kinachoniuma ni yule kijana, ambaye hakuna aliyemwuliza anataka nini kwa alichokijua, na naona wewe una uwezo wa kumwuliza wako.

Basi kabla chupa haijapanda boti kwenda Mokowe, tafuta mkataba wako wa kazi uusome polepole, hasa kifungu cha uvumbuzi na siri za kampuni. Katika fani yenu fomula nyingi hazisajiliwi hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, kwa kuwa hataza hulazimisha kuzitangaza. Hufungiwa tu. Kwa hiyo kinachoingia humo hutakiona kikitoka, hata ukiacha kazi. Mwulize bosi kwa maandishi: familia itaendelea kuuza achari yake bila bughudha? Bibi atalipwa nini, mara moja au kila mwaka? Jina la Lamu litaandikwa kwenye pakiti? Ladha ikivunjika sokoni, maelezo yanarudi kwa nani? Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa asilia ya jamii. Kama achari ya familia moja yaweza kusimama chini yake ni swali la kumpelekea wakili, na ada ya mashauriano ya siku moja ni ndogo kuliko majuto. Kuuliza nako kuna gharama yake: bosi anaweza kukuona msumbufu, akampa kazi mwingine. Lijue hilo kabla hujaandika.

Kuhusu Uswisi, umeandika kana kwamba achari ndiyo nauli. Je, bosi alisema hivyo, au wewe ndiye uliyeyaunganisha? Soma tena barua pepe zake. Inawezekana kabisa wanakutaka kwa sababu ya ile pua inayoshtuka chombo kisipoona kitu, na achari imetokea tu njiani. Unaweza kuomba nafasi hiyo kwa kazi zako nyingine, na kuwaahidi ladha nyingine ya pwani isiyo ya bibi: embe, ukwaju, nazi, mabuyu, vyote hivyo ni vya kila mtu. Wakikubali, umepata unalotaka bila kuweka mtungi mezani. Wakikataa, utajua walichokuwa wakinunua, na hilo nalo lina uchungu wake, maana nafasi kama hizi hazifuatani. Chama cha wakemia wa ladha Marekani hudai takriban miaka 7 ya kufundishwa chini ya mzoefu kabla hakijakutambua kikamilifu. Fani hii inakula muda. Ukiiahirisha sana, umri haukungoji, na bibi naye hangoji. Sina njia ya kukufichia hilo.

Waweza pia kukaa. Achari ikapata alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ikawa na lebo, mama akaisimamia na wewe ukailinda ubora wake. Natamani hadithi hiyo, na kwa sababu naitamani ndiyo nakuonya nayo. Biashara ya kuthibitishwa hudai kila chupa ifanane na ya jana, hudai jiko la namna fulani, mtaji, na mtu wa kuikimbiza kila siku. Wewe umeniandikia kwamba saa nzima hupita mbele ya mashine hujui kama umekaa. Mtu akiacha kazi ya namna hiyo kwa kuona aibu mbele ya mama yake, baada ya miaka miwili aibu huondoka na hasira hubaki.

Na ile Idd. Umesema elimu imekupokonya chakula. Mimi nina shaka kidogo. Ulikaa kwenye meza ile ukijua siri ambayo mama yako, pembeni yako, haijui, na ukiwa na swali la bosi tumboni. Kugawa tonge kuwa iliki na siagi huenda kulikuwa mahali pa kujificha. Kumbuka Idd za nyuma, kabla ya bosi kuonja: ulikuwa hivyo? Kama ndiyo, basi kuna jambo la kuzungumza na wenzako wa fani, maana wao pia wana pua za kazi na wanakwenda nyumbani kula. Kama siyo, usiilaumu kemia. Siku ile ya ndimu ilikufanya umpigie mama simu.

Nimeona jambo moja ambalo labda hukuliona ulipokuwa ukiandika. Umeeleza embe, chumvi, jua, siki, hata tangawizi kavu na shogaoli zake, kisha ukafika kwenye hatua moja ukasema hutaiandika. Hakuna aliyekukataza. Mimi sikuulizi ni ipi, lakini ukae na sababu iliyokufanya usiiandike, uichunguze kama ni hofu, au heshima, au tayari unajua mpaka wako uko wapi. Huenda sehemu ya chini ya mpaka huo unaweza kuijadili na kampuni kwa moyo mweupe. Huenda usiweze.

Likizo yako ina siku chache. Kwa bosi, mwandikie leo kwamba unahitaji muda wa kuzungumza na mwenye achari na kusoma mkataba, bila kukubali wala kukataa. Kampuni inayoitaka kweli itangoja wiki kadhaa. Kwa bibi, panga daktari wiki hii hii, uende naye wewe mwenyewe. Mkishaketi na kuzungumza, niandikie alivyosema.